Dhamana ya Chakula: Je, Asiyejua Ana Hatia?

Wazee wetu walituusia kwamba sumu haionjwi. Usia huu ni mwema, lakini una sharti lake: ni lazima mtu ajue kwanza kwamba kilicho mbele yake ni sumu. Mama aliyenunua kilo mbili za unga dukani hana njia ya kulijua jambo hilo. Hawezi kuutambua ubaya wa unga ule kwa kuunusa, wala kwa kuutazama juani, wala kwa kuutia ncha ya ulimi. Anaupokea, anausonga, anawapakulia wanawe, naye anakula pamoja nao. Mlo wake wote umesimama juu ya imani aliyo nayo kwa watu ambao hajapata kuwaona.

Katika makala haya tumekusudia kulichunguza swali ambalo kila mtu hulitoa upesi panapotokea msiba wa namna hii, na ambalo aghalabu hujibiwa kwa hasira kabla ya kufikiriwa. Chakula kilichonunuliwa kinapowadhuru walaji, hatia ni ya nani? Je, aliyekiuza pasipo kujua ana hatia? Na yule aliyekuwa na shaka kidogo, akanyamaza, tumweke upande upi? Tumelichagua swali hili kwa sababu linawahusu walimu wa lugha kuliko inavyodhaniwa, na sababu yenyewe itaonekana huko mbele.

Unga hauna uso

Zamani, katika nyumba nyingi za nchi zetu, aliyelima ndiye aliyevuna, aliyeanika, aliyetwanga na aliyekula. Hatusemi kwamba sumu haikuwapo. Kuvu huota juu ya nafaka tangu dahari, na bila shaka watu walikufa kwayo pasipo kuijua sababu. Tofauti ni kwamba aliyekosea katika kuanika ndiye aliyekula matokeo ya kosa lake, na macho yaliyoiona punje shambani ndiyo yaliyoiona tena chunguni.

Leo punje ile hupita mikono mingi. Kuna mkulima, mchuuzi anayezunguka vijijini na mizani yake, mwenye lori, mwenye ghala, mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka, na mwisho mpishi. Kila mmoja anajua kipande kidogo cha habari ya chakula kile, na hakuna aijuaye habari yote. Tena kazi ya kusaga huficha mengi. Karanga iliyosinyaa au iliyoota ukungu huonekana kwa macho ikiwa bado punje, na mnunuzi mwenye busara huitupa. Ikisagwa na kuwa rojo la kuungia mboga, hakuna jicho litakaloitenga na nzima. Vivyo hivyo mahindi yakiwa unga wa posho. Unga hauna uso wa kutazamwa.

Kwa hiyo wale wasemao, "Mnunuzi afumbue macho," wanamwagiza jambo lisilowezekana. Macho anayo, lakini cha kutazama kimeondolewa. Palipoondolewa uwezo wa kujua, mzigo wa kujua hauna budi kuhamia kwa mwingine. Tutazame sasa mifano michache ya kweli, tuone mzigo huo ulimwangukia nani.

Kibaya chajitembeza

Mnamo Mei 1981 huko Uhispania, katika mitaa ya kandokando ya jiji la Madrid, yalizuka maradhi yaliyowashangaza waganga. Wagonjwa walipata homa, walihema kwa shida, wakatokwa na vipele, na baadaye wengi wao walipata maumivu makali ya misuli na kupooza. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni aina ya nimonia inayoambukiza. Baada ya wiki kadhaa za kuwahoji wagonjwa habari za vyakula vyao, waganga waligundua kwamba walishiriki kitu kimoja: mafuta ya kupikia yaliyouzwa bila jina, katika madumu ya plastiki ya lita tano, sokoni na mlangoni kwa mlangoni. Waliougua walifika kiasi cha 20,000, na zaidi ya 300 walikufa katika miaka ya mwanzo. Wengine waliishi na ulemavu maisha yao yote.

Mafuta yale yalitokana na mbegu za rapa, mmea wa jamii ya haradali. Yalikuwa yameingizwa kutoka Ufaransa kwa matumizi ya viwandani tu, na kwa amri ya serikali yalikuwa yametiwa kemikali iitwayo anilini kwa makusudi kabisa, ili asitokee mtu wa kuyauza yaliwe. Wafanyabiashara wachache waliyasafisha ili kuiondoa anilini, wakayachanganya na mafuta mengine, wakayauza kwa bei ndogo kuliko mafuta ya zeituni. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa kipato cha chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kibaya kilijitembeza hasa, kikabisha hodi nyumba hata nyumba.

Kesi yao ilianza mwaka 1987, na hukumu ikatolewa mwaka 1989. Miongoni mwa washtakiwa wapatao arobaini, ni sehemu ndogo tu waliopatikana na hatia, na watu wa nyumba zilizofiwa waliondoka mahakamani na uchungu mwingi. Hoja iliyokuwa ngumu ni ile ile ya kujua. Wauzaji hawakukusudia kuua. Walitaka faida, na waliamini, au walijiaminisha, kwamba wakishaisafisha anilini hakuna madhara yatakayobaki. Hata wataalamu, baada ya miaka mingi ya utafiti, hawakuweza kuthibitisha bila shaka ni kitu gani hasa ndani ya mafuta yale kilichowadhuru watu.

Sisi tunaona kwamba jibu la kimaadili hapa halitegemei utafiti huo. Anilini ile ilikuwa alama ya onyo. Mtu akiiondoa alama iliyowekwa kuwalinda wengine, amejitwalia dhamana ya yote yatakayofuata, hata yale asiyoyajua. Hawezi kusema, "Sikujua kilichomo," kwa maana ni yeye aliyeondoa njia ya kujua. Kutojua kwa namna hii kumetengenezwa kwa mikono, wala hakumpunguzii mtu hatia.

Onyo lisilosomeka

Mfano wa pili unatoka Iraki, nao unatugusa zaidi sisi walimu wa lugha. Baada ya ukame wa miaka iliyotangulia, serikali ya nchi ile iliagiza kutoka ng'ambo tani nyingi za ngano na shayiri za mbegu, zikagawiwa wakulima mwishoni mwa mwaka 1971. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki ili zisiliwe na kuvu ardhini. Zilitiwa pia rangi nyekundu ili kuonyesha kwamba si za kula, na magunia yalikuwa na maandishi ya onyo.

Maandishi yale yalikuwa ya Kihispania na Kiingereza. Mkulima wa Iraki asomaye, husoma Kiarabu au Kikurdi, na wengi wa siku zile hawakusoma lugha yoyote. Wako waliopokea mbegu wakati kupanda kumekwisha, na nyumbani hamna ngano ya kula. Baadhi walizifua zile mbegu, rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine, kwa busara iliyostahili kusifiwa, waliwapa kwanza kuku na mifugo, wakangoja siku chache, wakaona hakuna aliyekufa. Hawakujua kwamba zebaki ya namna ile hukawia majuma kadhaa kabla ya kuonyesha madhara yake. Walisaga, wakaoka mikate, wakala. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa humo. Waliofia majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Je, hapa onyo lilitolewa? Aliyechapa magunia atasema ndiyo, na karatasi zake zitamshuhudia. Lakini walimu wa lugha tunajua kwamba neno halijasemwa mpaka lifike kwa msikiaji. Tunayo methali isemayo kwamba asiyejua maana haambiwi maana, na mara nyingi tunaitumia kumkejeli mjinga. Katika mkasa wa Iraki methali hii yafaa igeuzwe imwelekee msemaji. Yeye ndiye aliyekuwa na maana mkononi, naye ndiye aliyejua anawapelekea watu gani. Asiyejua maana ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuambiwa, tena kwa lugha yake, na kama hasomi basi kwa mdomo, sokoni, redioni na misikitini.

Tusiitazame Iraki kama nchi ya mbali. Katika maduka ya nchi zetu zinazopakana na chimbuko la Kiswahili, mara ngapi tumeona makopo ya maziwa ya watoto, mafuta na dawa za kuua wadudu wa ghalani yenye maelezo ya lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wote wawili hawaisomi? Muuzaji hueleza kwa kukisia, na mnunuzi hutii.

Mwenye njaa hana miiko

Mambo huwa mazito zaidi tukija kwenye nafaka yetu wenyewe. Kati ya Januari na Julai 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 walitambuliwa kuwa wamedhurika na sumu ya kuvu wa mahindi, na 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu wakaota, na sumu yao ikaingia punjeni. Sumu hii leo inaitwa sumukuvu. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva, nayo imo.

Katika nyumba hizo, hatia ilikuwa ya nani? Wengine wanasema kwamba walaji walionja uchungu wa mahindi yale na kuona rangi yake, na kwa hiyo walipaswa kuyatupa. Maneno haya ni mepesi kwa mtu mwenye akiba. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na hawakusema hivyo kwa kumlaumu. Mzazi ambaye gunia lake ni moja, na mvua ya msimu imekosa, hachagui kati ya chakula kizuri na kibaya. Anachagua kati ya njaa anayoiona leo na ugonjwa asioujua wa kesho.

Lakini twende hatua moja mbele. Mkulima akichambua mahindi yake, yale mabovu hayatupi. Mengine huyapeleka kwa mpika pombe, mengine kwa kuku, mengine huyauza bei nafuu kwa mchuuzi asiyeuliza. Kwa njia hiyo kibaya hushuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka kimfikie aliye maskini kuliko wote, asiye na wa kumshushia. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa na kuwekwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Magazeti yalijaza kurasa kwa habari za wafanyabiashara na malori yaliyokwama. Swali moja halikuulizwa sana: gunia linalokataliwa mpakani huliwa na nani likirudi nyumbani? Ikiwa halimfai mtoto wa ng'ambo ya mpaka, kwa hoja gani linamfaa wa upande huu?

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaodai kwamba adhabu kali kwa muuzaji itatosha. Mkulima anayeanika juu ya udongo mtupu kwa kuwa hana turubai, na anayeuza upesi kabla nafaka haijakauka kwa kuwa karo inadaiwa, ana sehemu yake ya wajibu. Sehemu nyingine ni ya jamii inayotaka unga mweupe kwa bei ya chini na haitaki kulipia ukaushaji. Palipo na turubai, kipimo cha unyevu na ghala kavu, tuna haki ya kumlaumu aliyevipuuza. Pasipo na vitu hivyo, lawama yetu haina budi kugawanywa.

Hatia, wajibu na majuto

Upo pia msiba usio na mwovu. Mnamo Machi 2019 huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, watu wapatao 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliogawiwa kama msaada. Walioupata walichanganyikiwa akili, wakatapika na kupata homa. Uchunguzi ulionyesha sumu ya mimea ya jamii ya mnanaha, magugu ambayo mbegu zake zaweza kuvunwa pamoja na mazao na kusagwa nayo. Ugawaji ulisimamishwa mara. Hapa tunakutana na watu waliotaka kulisha wenye njaa, na mikono yao ikaleta mauti.

Kiswahili kinatusaidia kuyatenganisha mambo ambayo hasira huyachanganya. Hatia ni ya mtu aliyejua, au aliyeikimbia njia ya kujua. Wajibu ni wa kila mmoja aliyekishika chakula, kwa kadiri ya uwezo wake wa kukichunguza: mwenye kiwanda na maabara ana wajibu mkubwa kuliko mwenye kibanda, na mwenye kibanda ana wajibu mkubwa kuliko mpishi. Majuto humpata hata asiye na hatia. Mama aliyempakulia mwanawe unga ule atajuta maisha yake yote, ingawa hakutenda kosa. Tukimwambia tu, "Huna hatia," tumesema kweli, ila hatujamfariji. Anachostahili kutoka kwetu ni kuambiwa ukweli wote juu ya kilichotokea, na nani alipaswa kukizuia.

Tuongeze jambo moja la msamiati. Maneno amana, amini, imani, uaminifu na amani yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mwanafunzi akiyapanga pamoja ataona kwamba chakula kilichomo dukani ni amana: mnunuzi ameiacha afya yake mikononi mwa mwingine kwa muda, na anatumaini kurudishiwa nzima. Aliyepokea amana hasamehewi kwa kusema kwamba hakuitazama.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Asiyejua na ambaye hakuwa na njia ya kujua, hana hatia. Lakini hali hiyo hudumu mpaka saa ile anapojua. Tuchukue mfano wa mwenye duka aliyeuza unga jana kwa nyumba kumi na mbili, na leo asubuhi amesikia kwamba mtoto wa nyumba mojawapo amelazwa. Jana hakuwa na hatia. Leo, akiufunga mlango na kuyaficha magunia yaliyobaki, ameingia katika hatia kamili, ingawa hajauza hata kibaba kimoja zaidi. Wajibu wake ni kutoka, kuzipitia nyumba zile kumi na moja zilizobaki, na kusema, "Msiupike ule unga." Akifanya hivyo atapoteza fedha, huenda akapoteza na duka. Hatuoni njia ya kumwondolea gharama hiyo. Tunachoweza kufanya sisi majirani ni kutomtendea siku hiyo kama tungemtendea yule aliyenyamaza, maana tukiwaadhibu wote wawili sawasawa, tutakuwa tumewafundisha wenye maduka kunyamaza.

Kunyamaza huko si kwa wenye vibanda peke yao. Huko Marekani kampuni iitwayo Peanut Corporation of America iliendelea kuuza bidhaa za karanga hata pale vipimo vilipoonyesha vijidudu vya salmonela. Katika miaka ya 2008 na 2009 zaidi ya watu 700 waliugua, na tisa wakafa. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Kilichomtia hatiani ni kwamba majibu ya vipimo alikuwa nayo.

Kazi iliyo mbele yetu

Walimu wa Kiswahili hatuna maabara, lakini tunayo zana moja ambayo mkasa wa Iraki ulionyesha thamani yake. Katika somo la ufahamu, kifungu cha kusoma chaweza kuwa karatasi ya nje ya pakiti ya unga, maelezo ya dawa ya kuhifadhia nafaka, au tangazo la kurudisha bidhaa mbovu. Mwanafunzi ajue kuitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, alitofautishe neno "mbegu" na neno "chakula" kwenye gunia, naye aweze kumsomea bibi yake asiyesoma. Katika somo la uundaji wa maneno, neno sumukuvu ni mfano bora wa jinsi majina mawili ya kale yanavyoungana kutaja jambo jipya. Anayelielewa neno hilo ana nusu ya kinga.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi, nasi wa chama hiki tulilipokea tangazo lile kwa furaha. Furaha hiyo tuipime kwa jambo dogo: je, onyo lililo nyuma ya pakiti linasomeka kwa mama anayepika? Lugha rasmi inayosomwa mahakamani na bungeni, na isiyoonekana kwenye gunia la unga, bado haijamfikia.

Limebaki swali tusilolimaliza, nasi tunawaachia wasomaji walijadili madarasani na katika toleo lijalo. Mkulima maskini aliyelitambua gunia lake kuwa bovu, na asiye na jingine, ana haki ya kuliuza? Tumesema kwamba anayejua ana hatia. Tumesema pia kwamba mwenye njaa hana miiko. Maneno haya mawili hayapatani mpaka apatikane mtu wa tatu atakayelinunua gunia lile kwa bei ya haki na kulitupa.